Saa iliyo kwenye tiketi ya meli si saa ya kufika

Sisi wa Nairobi tumezoea matatu: haiondoki mpaka ijae. Basi tiketi ya safari ndefu ya meli ya kitalii ikisema meli inang'oa nanga saa kumi na moja jioni, mtu anapanga kutua na ndege mchana wa siku hiyo hiyo. Amekosea. Hiyo ni saa ya meli kuondoka; kupanda hufungwa mapema kabla yake, na nahodha hasubiri ndege iliyochelewa. Ukitoka JKIA, fika mji wa bandari siku moja kabla.

Begi nalo unalikabidhi bandarini, na huenda usilione mlangoni mwa chumba chako hadi jioni. Shangazi yangu alikabidhi lake likiwa na dawa za presha na miwani, akashinda akikodolea menyu asiyoweza kuisoma.

Halafu zoezi la usalama, ambalo wengi hudhani ni la hiari. Hata kidogo! Zamani kanuni za kimataifa ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Januari 2012 meli ya kitalii Costa Concordia iligonga mwamba Italia, watu 32 wakafa, na mamia ya waliopanda siku hiyo walikuwa bado hawajalifanya. Tangu 2015 ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Utaonyeshwa mahali pako pa kukusanyika na kuelezwa king'ora cha hatari: milio saba mifupi au zaidi, kisha mmoja mrefu. Bufee itangoja.