Njegere za bei rahisi, moto wa bei ghali: hesabu za jikoni Berlin ya 1907

Ukitaka kujua familia ya fundi chuma wa Berlin ilikula nini karibu na mwaka 1907, usianze na bei za sokoni. Anza na jiko. Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa hili. Nilisoma jedwali za bei za mkate na viazi miaka mingi kabla ya kujiuliza nani alilipia moto.

Takwimu tunazo. Mwaka 1907 Ofisi ya Takwimu ya Dola ya Ujerumani iliziomba familia za kipato cha chini ziandike kila pfenigi (sarafu ndogo; pfenigi 100 ni marki moja) iliyoingia na kutoka kwa mwaka mzima, na mwaka 1909 ikachapisha hesabu za familia 852. Chakula kilikula karibu nusu ya matumizi yote. Kuni, makaa na taa vilichukua kama marki 4 tu katika kila 100. Wengi wakifika hapo hufunga kitabu: nne ni kidogo, tuzungumzie mkate. Nasema hapana. Kwanza, hiyo ni wastani wa mwaka, ilhali makaa hununuliwa zaidi wakati wa baridi, majira yale yale ambayo baridi kali iliwasimamisha kazi waashi. Pili, mtu anayeweza kuandika hesabu miezi 12 bila kukatisha si yule aliyekuwa hoi kuliko wote.

Sasa ingia ndani. Takwimu za jiji la Berlin zilipanga nyumba kwa idadi ya vyumba vinavyoweza kupashwa moto, na familia nyingi za wafanyakazi zilikuwa na kimoja tu pamoja na chumba cha kupikia. Jikoni kulikuwa na jiko kubwa la kujengea, juu lina pete za chuma unazoziondoa moja moja kulingana na ukubwa wa sufuria. Humo waliunguza matofali madogo ya makaa ya mawe ya kahawia kutoka Lausitz, eneo la machimbo kusini-mashariki mwa Berlin, waliyoyabeba kwa ndoo kutoka stoo ya chini ya ardhi hadi ghorofa ya nne. Usiku mama alifunga tofali moja kwa gazeti lililoloweshwa maji na kulilaza ndani ya jiko. Liliwaka polepole hadi alfajiri, na asubuhi hakuanza upya na vijiti na kiberiti.

Jiko hilo hilo lilipika, likapasha chumba na kukausha nguo. Kwa hiyo wakati wa baridi supu ya njegere ilipata moto wa bure, maana jiko lingewashwa hata bila sufuria. Julai mambo yaligeuka: kuwasha jiko zima kwa ajili ya chungu kimoja kulikuwa hasara, na chumba kikageuka tanuri kwa wale waliolala mumo humo. Mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano), kwa upande wake, ulikuja umeshaiva. Moto wake ulilipiwa kwa mwokaji, ukagawanywa kwa mamia ya wateja.

Hapa ndipo ninapokasirika. Wahisani wa zama zile waliwahimiza wake wa wafanyakazi wapunguze nyama, wapike njegere, dengu na maharage. Kwa bei ya dukani walikuwa sahihi. Lakini njegere kavu hulowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa muda mrefu, na wa kuzichemsha alikuwa mama aliyetoka kiwandani jioni. Aliyenunua mkate na soseji akaitwa mfujaji. Kumbe alikuwa amepiga hesabu mbili, ya chakula na ya moto, na mshauri wake alipiga moja.

Kununua kidogo kidogo nako kuliumiza. Mwenye akiba alinunua makaa kwa kilo 50 au zaidi kabla ya baridi, asiye nayo alinunua kwa ndoo na kulipa zaidi kwa kila kilo. Kisha zikaja mita za gesi za sarafu: unatumbukiza pfenigi 10, unapata moto wa kiasi hicho, kama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ziliwaokoa watu kiangazi, ila gesi hukatika bila kujali sufuria imefikia wapi.

Bei ya chakula chenyewe ilipandishwa na siasa. Ushuru wa rai kutoka nje ulianza na marki 1 kwa kilo 100 mwaka 1879, ukafika 5 mwaka 1887, ukateremshwa hadi 3.5 miaka ya 1890, ukarudishwa 5 mwaka 1906, kwa faida ya wenye mashamba makubwa mashariki ya mto Elbe. Nyama nayo ilipanda. Oktoba 1912, wachinjaji wa soko la Wedding, mtaa wa wafanyakazi Berlin, walipokataa kuuza nyama nafuu ya Urusi iliyoletwa na jiji, wanawake walivamia vibanda vyao.

Wachimba makaa wa Ruhr, eneo la migodi magharibi mwa Ujerumani, walikuwa na nafuu moja: sehemu ya ujira wao ililipwa kwa makaa. Nyumbani walifuga mbuzi, waliyemwita ng'ombe wa mchimba makaa.

Berlin walikuwa na sanduku la kupikia. Ni sanduku la mbao lililoshindiliwa nyasi kavu, kama vile vikapu vya kupikia bila moto vinavyotumika Kenya. Asubuhi unachemsha chungu kwa dakika chache, unakifukia kwenye nyasi, unafunga kifuniko na kwenda kazini. Njegere zile zile ziliiva polepole ndani ya sanduku, na jiko limezimwa.