Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mkali

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, wengi huku Newala na Masasi hutegemea mbwa kulinda magunia yaliyolala uani. Na bado wapo wanaomchanganyia mbwa ugali na pilipili kichaa, wakiamini atakuwa mkali. Hawi. Kinachowasha ni kapsaisini, kemikali iliyomo kwenye pilipili. Humchoma mdomo na utumbo, kisha anatapika na kuharisha. Nimemwona mmoja akisugua mdomo mchangani, mate yakimchuruzika, hata anayepita getini hamwoni. Inauma kumtazama.

Mbwa humbwekea mgeni kwa sababu anaijua nyumba yake. Mpe ugali kwa dagaa wasio na chumvi, na maji safi. Akigeuka mkali ghafla bila sababu, usimguse: huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite daktari wa mifugo.