Dimeki: gemu inaporudishwa kwenye konsoli ya zamani

Rimeki tunaijua: gemu ya zamani inatengenezwa upya kwa mashine ya leo. Dimeki ni kinyume chake. Ni gemu inayotengenezwa upya kwa ajili ya konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya zamani kuliko ile iliyotoka nayo, kana kwamba ilitoka miaka mingi kabla.

Wengi hudhani kazi ni kuharibu picha tu, yaani kuweka pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) kubwa kubwa na muziki wa milio. Mimi siiti hiyo dimeki. Pikseli kubwa unaweza kuziweka kwenye gemu yoyote. Dimeki hasa inakubali kubanwa na mashine yenyewe.

Tazama Atari 2600, konsoli ya mwaka 1977. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 128, haitoshi hata SMS moja iliyojaa. Haina pa kuhifadhi picha nzima ya skrini, kwa hiyo programu huichora mstari kwa mstari, ikikimbizana na mwale unaochora picha ya televisheni, na kila mstari prosesa inapewa mizunguko 76 tu, yaani muda wa hatua chache sana za kazi. Vitu vya kutembea ni vitano: wahusika wawili wenye upana wa pikseli nane, risasi mbili na mpira. Pac-Man, gemu ya 1980, ilipohamishiwa humo mwaka 1982, vizuka vinne vilikosa nafasi. Tod Frye, aliyeiandika, akavichora kwa zamu, kimoja kila fremu (kila picha moja ya skrini), ndiyo maana vinaonekana vikiwaka na kuzimika. Ile ilikuwa bidhaa ya dukani, si dimeki, lakini ugumu ni uleule.

Sasa fikiria Halo, iliyotoka 2001 na Xbox, konsoli yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya megabaiti 64, zaidi ya mara 500,000 ya ile ya Atari. Nani angethubutu? Ed Fries, aliyewahi kuongoza kitengo cha gemu cha Microsoft, alithubutu. Mwaka 2010 alitoa Halo 2600, programu yote ndani ya kilobaiti 4 za katriji, mbali na zile baiti 128 za kufanyia kazi. Ule ulimwengu wa pande tatu umekuwa skrini 64 bapa, na Master Chief, shujaa wa Halo, ni kijitu cha kijani kinachotoka skrini moja hadi nyingine kikipiga risasi. Hadithi imeondoka, magari yameondoka. Lakini ukiishika ile fimbo ya kuchezea, bado unasonga mbele kwa tahadhari, ukijua adui yuko skrini inayofuata. Smithsonian American Art Museum iliiingiza kwenye mkusanyiko wake mwaka 2013, na naona ilistahili kabisa.

Kwa hiyo ukikaa kuwazia gemu yako uipendayo kwenye mashine ya namna hiyo, sura ya mhusika iache kwanza. Jiulize mchezaji anafanya nini muda mwingi: anaruka, anajificha, anakimbizwa? Hicho kipe zile pikseli nane za mwanzo. Kinachobaki, hata mandhari unayoyapenda kuliko yote, kitapigania baiti zilizosalia.