Beethoven kwa msikilizaji mpya: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Msikilizaji mpya wa mtunzi Beethoven aanze na Simfonia ya Tisa, ndiyo kubwa kuliko zote.

Simfonia ni utunzi mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, na ukubwa wenyewe ndio huwashinda wageni. Inachukua kama dakika 65 hadi 70, na ile kwaya inayosubiriwa haiingii mpaka sehemu ya nne, ala zikiwa zimeshapiga peke yake zaidi ya dakika 40. Mpe kwanza sehemu ya pili ya Simfonia ya Saba, Allegretto, dakika nane au tisa tu. Ala za kupulizwa zinatoa kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja), kisha viola, chelo na besi, ala za nyuzi zenye sauti nzito kuliko fidla, zinashika mdundo: ndefu, fupi-fupi, ndefu, ndefu. Aupige kwa kidole mezani. Fidla za pili zikiupokea, viola na chelo zinaanza wimbo mwingine chini yake, na hapo ndipo wengi hunasa.

Dhana: Spika ya simu inatosha.

Kwa bongo fleva, labda. Allegretto huanzia kwenye nyuzi nene, tena kwa sauti ya chini. Spika ndogo haizitoi. Msikilizaji anaongeza sauti, halafu baada ya dakika mbili hivi okestra nzima inamlipukia. Avae hedifoni, apime sauti kwa mlipuko huo, ndipo arudi mwanzo.

Dhana: Kupiga makofi kati ya sehemu ni ushamba.

Vienna, tarehe 8 Desemba 1813, Allegretto hiyohiyo ilishangiliwa mpaka ikarudiwa palepale. Ukimya ni desturi ya baadaye. Ukumbini fuata wenyeji, basi.

Dhana: Sonata ya Mbalamwezi, utunzi wa piano wa sehemu tatu, inahusu mwezi, inafaa kulalia.

Beethoven hakuipa jina hilo. Lilitokana na maneno ya mhakiki Ludwig Rellstab na likaenea baada ya mtunzi kufariki mwaka 1827. Sehemu ya kwanza ni tulivu kweli. Ya tatu ni dhoruba: noti zinapanda mbio, na kileleni zinagongwa kodi mbili kali. Mwonye mapema.

Dhana: Mpangilio wa sehemu si hoja.

Zima uchanganyaji wa nyimbo (shuffle) kwenye programu ya muziki. Katika Simfonia ya Tano, sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kituo. Zikitenganishwa, unabaki na ngoma inayonong'ona gizani, na tarumbeta ilizokuwa ikiziita hazifiki.