"Hasikii Huyo": Tunavyokosea Kuhusu Mgonjwa Asiyejitambua

Wiki iliyopita, saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa, ndugu wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda cha mdogo wao wakijadili nani achukue pikipiki yake. Kijana alikuwa na wiki ya tatu tangu aanguke na bodaboda. Mashine ya kupumulia ilishaondolewa, anavuta hewa mwenyewe kupitia tundu la kooni, macho anafumba na kufumbua. Nilipowaomba wayapeleke mazungumzo nje, mkubwa wao akanijibu kwa upole kabisa: "Daktari, huyu hasikii."

Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya usingizi na uangalizi wa mahututi, na maneno hayo nimeyasikia kwa lafudhi ya kila mkoa. Nimeyasikia kwa wake na waume, kwa mchungaji, kwa shehe, na, inaniuma kusema, kwa wauguzi na madaktari wenzangu wanaosoma ripoti mbaya kwa sauti kubwa miguuni pa kitanda. Safari hii nimechoka, ndiyo maana naandika.

"Haitikii, kwa hiyo hasikii"

Kosa lote limejificha kwenye hiyo "kwa hiyo". Tunachokiona ni mwili usioitikia, basi. Ili mtu aitikie, sauti lazima ifike sikioni, ubongo uyatambue maneno, uyaelewe, nia ya kujibu izaliwe, amri ishuke hadi kwenye uti wa mgongo, na misuli itii. Pakikatika popote katika safari hiyo, nje unaona kitu kilekile: kimya. Aliyekatikiwa na kipande cha mwisho tu, kati ya nia na misuli, hana tofauti machoni pako na yule ambaye ndani mwake kumezima kabisa.

Hili lilithibitishwa mwaka 2006. Adrian Owen na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, walimweka ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Miezi ilikuwa imepita, anafumbua macho, lakini hakuna aliyewahi kupata kwake dalili yoyote ya kujitambua. Wakamwambia awaze anacheza tenisi. Eneo la ubongo linalopanga miondoko likawaka. Wakamwambia awaze anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake, yakawaka maeneo yanayoshughulika na kumbukumbu za mahali. Picha zake zilifanana na za watu wazima wa afya waliopewa maagizo yaleyale. Mwili wake haukutikisa hata kidole.

Miaka minne baadaye likafuata jambo lililowatikisa hata wanafalsafa. Katika wagonjwa 54 waliopimwa Cambridge na Liège, Ubelgiji, watano waliweza kuubadilisha ubongo wao kwa makusudi namna hiyo, na mmoja akatumia njia hiyohiyo kujibu maswali: tenisi kwa ndiyo, nyumba kwa hapana. Alijibu sawa maswali 5 kati ya 6.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila anayelala kimya anasikia. Wengi wao ubongo umeumia kiasi kwamba hakuna anayesikiliza, na kuwapa ndugu tumaini la uongo ni kuwakosea pia. Lakini wanaosikia si wachache wa kupuuzwa. Uchunguzi mkubwa uliotoka mwaka 2024, uliotumia MRI na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ulikuwa na wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kitandani. Kati yao 60, yaani mmoja kwa kila wanne, walionyesha kwenye kipimo kwamba wanafuata maagizo. Na kuna namba nyingine katika kazi hiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inatufundisha adabu: kati ya wagonjwa 112 walioitikia wazi wazi, waliobana mkono walipoambiwa, kipimo kiliwanasa 38 tu kwa mia. Wengine walionekana kwenye mashine kana kwamba hawapo, na wapo, wanabana mkono wako! Kwa hiyo hata mashine ikinyamaza usiseme "hasikii".

Ndugu huniuliza, sasa sisi tutapata wapi vipimo hivyo? Mimi huanza na kioo. Kioo kidogo cha mkononi, cha kunyolea ndevu au cha kwenye mkoba wa mama. Nilimwambia yule kaka mkubwa akae, nikazima redio ya jirani, nikamwinua kijana kichwa cha kitanda, nikamwita jina lake mara mbili, halafu nikashika kioo mbele ya uso wake, umbali wa mkono uliokunjwa kidogo. Nikakisogeza polepole kwenda kulia. Macho yakabaki pale. Nikarudia. Mara ya tatu yakakatika kutoka yalipokuwa, yakakifuata kioo hadi ukingoni, yakarudi nacho kushoto. Tulirudia dakika kumi, akafuata mara nne. Kaka yake aliona mwenyewe. Hakusema neno, alivuta tu shuka akamfunika mdogo wake miguu.

Macho kufuata kitu ni miongoni mwa dalili za mwanzo kwamba mtu ameanza kurejewa na fahamu, na watafiti wa Liège walionyesha mwaka 2008 kwamba wagonjwa hawa hufuata uso wao wenyewe kwenye kioo kuliko wanavyofuata mtu au kitu kingine. Ukipitisha kalamu au tochi mbele yao, kama tunavyofanya kwa haraka kila asubuhi, unawakosa. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2009, ulikuta kwamba wagonjwa wapatao 4 kati ya 10 waliokubaliwa na madaktari kuwa hawajitambui kabisa walikuwa na dalili za kujitambua walipopimwa kwa utaratibu. Tulikuwa tunapima vibaya, tena mara moja tu.

Ndiyo maana nasisitiza mambo ambayo wenzangu huyaona madogo. Mpime mgonjwa zaidi ya mara moja, siku tofauti, saa tofauti, kwa sababu fahamu zake huja na kwenda. Usimpime nusu saa baada ya kumdunga dawa ya usingizi au ya kifafa. Hakikisha kama alikuwa kiziwi. Na muulize ndugu alikuwa akiongea lugha gani nyumbani! Nilikuwa na bibi mmoja wa Shinyanga ambaye tulimwamuru kwa Kiswahili siku sita: bana mkono, tazama juu, toa ulimi. Hakuna. Mjukuu wake alipoingia akamsalimu kwa Kisukuma, bibi akageuza kichwa kuelekea sauti. Kiharusi kilikuwa kimemharibia sehemu ya lugha, na kilichobaki kilikuwa cha utotoni mwake. Siku sita tulimwandika kwenye faili kwamba haelewi.

Usisahau pia aliyefungiwa ndani ya mwili wake. Kiharusi cha mbele ya shina la ubongo kinaweza kumlaza mtu bila mkono, bila mguu, bila sauti, huku akijua kila kitu, na kilichobaki ni kuinua na kushusha macho. Kila mgonjwa asiyeitikia, kabla hujaandika lolote, mwambie: tazama juu. Ni sekunde tano.

Na ninyi ndugu: mkija, tajeni majina yenu kwanza, mwambieni ni siku gani na yuko wapi. Aongee mmoja mmoja. Msimuulize "unanikumbuka?" mara ishirini, mnamchosha. Mwambieni habari za nyumbani, mbuzi amezaa, mtoto amefaulu. Shamba, deni na jeneza zungumzieni kwenye mwembe, nje ya geti.

"Amefumbua macho, amezinduka"

Hapa lugha yetu inatuponza. Mtu asiyelala tunasema yuko macho, basi macho yakifunguka simu zinapigwa hadi kijijini. Lakini kuamka na kujitambua ni kazi mbili. Kuamka kunaendeshwa na shina la ubongo, jambo lililoonyeshwa na watafiti Moruzzi na Magoun mwaka 1949. Kujitambua kunahitaji gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na thalamasi, kituo kilicho katikati yake, vishirikiane. Shina likipona peke yake, mgonjwa atafumbua macho asubuhi, atalala usiku, atapiga miayo, bila kujua kwamba wewe upo. Madaktari Jennett na Plum waliieleza hali hii mwaka 1972. Zile hadithi za "koma ya miaka kumi" kwa kawaida ni hali hiyo, kwa sababu koma yenyewe, ya macho kufumba moja kwa moja, ni nadra kupita wiki chache.

"Ana alama tatu, si haba"

Alama hizo ni za mizani ya Glasgow, iliyotungwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974: hujumlisha jinsi mgonjwa anavyoitikia kwa macho, sauti na mwili, huanzia 3 na kuishia 15. Tatu ndiyo ya chini kabisa, hata maiti ataipata. Si asilimia ya akili iliyobaki. Daktari akikutajia namba peke yake, muulize macho ngapi, sauti ngapi, mwili ngapi.

"Ubongo umekufa, lakini moyo unapiga, tusubiri"

Moyo una mtambo wake wa kujipigisha, na ukipewa oksijeni utaendelea kwa muda. Kifo cha ubongo si koma iliyozidi. Shina limekufa, pumzi haipo, na hakuna wa kuzinduka. Najua uzito wa maneno haya kwa mzazi. Lakini kumchanganya huyu na yule kijana wa kioo kunawaumiza wote wawili.

"Nusukaputi ni usingizi tu"

Sio. Aliyelala ukimtikisa anaamka. Tena dawa hazifanani. Ketamini, ambayo imezibeba hospitali zetu za wilaya kwa sababu haikati pumzi kama nyingine, humwacha mtu macho wazi, mboni zikicheza, huku yeye yuko mbali kabisa. Akirudi atakusimulia ameruka juu ya paa, amemwona marehemu baba yake. Familia inaitafuta tafsiri, wengine wanasema majini. Hakuna jini. Ni dawa iliyotenganisha kuona mambo na ulimwengu unaomzunguka, na kumwambia mgonjwa hivyo kabla ya kumchoma sindano kunampunguzia hofu zaidi ya maelezo yote ya baadaye.

Kwa dawa nyingine watafiti walifanya jambo la werevu: walibana kamba mkononi kabla ya dawa ya kulegeza misuli, ili mkono huo ubaki huru, kisha wakamwambia mgonjwa aliye chini ya nusukaputi aubane mkono wa daktari. Katika wagonjwa 260, matokeo ya mwaka 2017, asilimia 4.6 waliubana. Wanaokuja kukumbuka walikuwa macho ni wachache mno, ripoti moja kwa wagonjwa wapatao 19,000 katika ukaguzi wa Uingereza na Ireland uliotoka 2014. Kuhisi, kuitikia na kukumbuka ni vitu vitatu, nasi tunaviita jina moja.

"Tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo"

Uongo. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula asilimia 20 ya nishati yake. Njoo wodini nikuonyeshe kiharusi cha ukubwa wa njegere kinavyomnyamazisha mtu.

"Sayansi imeshajua fahamu inakaa wapi"

Bado. Tunajua haikai kwenye wingi wa seli: ubongo mdogo wa kisogoni una seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86, na wapo waliozaliwa bila huo wakaishi wakijitambua. Mwaka 1998 Christof Koch, mwanasayansi wa ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu kwenye ubongo itakuwa imepatikana. Juni 2023, New York, Koch alikubali ameshindwa akalipa mvinyo. Mwaka 2025 ikachapishwa kazi iliyopima watu 256 na kuzishindanisha nadharia mbili kubwa za fahamu uso kwa uso, na kila moja ikakutwa na pengo.

Watu huniambia basi falsafa ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume. Swali la nini kinatosha kuwa ushahidi kwamba mwenzako anahisi, ambalo wanafalsafa wamelishika karne nyingi, ndilo ninaloingia nalo wodini kila siku. Kesho saa mbili asubuhi nalipeleka kitanda cha nne, kwa mama aliyeanguka ngazini. Dawa ya usingizi tumeizima tangu jana, binti yake ameshaambiwa aje, na kioo kiko mfukoni.