Je, wajua kwa nini tabibu wa Ayurveda huanza na chakula chako?

Mwendee tabibu wa Ayurveda, utabibu wa jadi wa India, ukilalamikia goti, naye atakuuliza jana ulikula nini, ulilala saa ngapi na choo unapataje. Goti litangoja. Kwa nini?

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Atharvaveda, mkusanyo wa tenzi na dua wa kale sana wa India, homa huitwa takman na husemeshwa kama mvamizi. Dua moja inaiamuru iwaendee watu wa Gandhara na Magadha, yaani wakaugue majirani! Mitishamba ilikuwepo, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa kitu kilichotoka nje.

Mambo yalibadilika katika bonde la mto Ganga, karne zile za Buddha na baada yake. Watawa wake walikuwa wameacha jamaa, kwa hiyo akiugua mmoja, wenzake ndio wa kumuuguza. Kanuni zao ziliwaruhusu dawa tano: samli, siagi, mafuta, asali na sukari guru. Jiko tupu! Baadhi ya wanahistoria huona kwamba utabibu wa hoja ulikomaa kwa watu kama hawa, maana Wabrahmini washika dini, tabaka la makuhani wa Kihindu, walimhesabu tabibu kuwa najisi. Sheria za Manu, kitabu chao cha kale, zinafananisha chakula chake na usaha.

Kisha kikaja Charaka Samhita, kitabu kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita. Dua hakikuzitupa, bali kiliziweka kando ya tiba ya hoja, yukti. Falsafa ndiyo iliyokipa nguvu. Mwili umeumbwa kwa ardhi, maji, moto, hewa na anga, na chakula vilevile. Basi kula ni kujiongezea ulimwengu tumboni. Kutoka falsafa ya Vaisheshika ikachukuliwa kanuni moja: kinachofanana na kitu hukizidisha, kinachopingana nacho hukipunguza. Kinachopimwa ni dosha, nguvu tatu zinazoendesha mwili, yaani vata, pitta na kapha, na neno dosha lenyewe maana yake ni kasoro. (Maabara za leo hazijawahi kuziona, lakini hesabu yake inafuatika.) Mwenye pitta, yenye asili ya moto, huambiwa aache pilipili.

Na lile goti? Maumivu ya viungo huhesabiwa kuwa kazi ya vata, iliyo kavu na baridi. Ndiyo maana hukandwa kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto.