Je, wajua kwa nini ndimu humfanya samaki mbichi aonekane ameiva?

Huko Peru kuna chakula kiitwacho ceviche: mnofu wa samaki mbichi uliokatwa vipande, ukatiwa maji ya ndimu, chumvi, pilipili kali na kitunguu chekundu. Huliwa kwa viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha. Ni fahari yao hasa; mwaka 2023 UNESCO iliuingiza upishi wake katika urithi wa utamaduni wa binadamu.

Mnofu huingia bakulini ukiwa unapitisha mwanga, na baada ya dakika chache umekuwa mweupe na umekaza. Moto haukuhusika. Protini za samaki ni nyuzi zilizojikunja kwa mpangilio maalumu. Joto huzikunjua, na asidi ya ndimu nayo huzikunjua. Zikishakunjuka hunasana upya, maji yanaanza kutoka, mwanga haupiti tena. Ute wa yai hubadilika hivyo hivyo kwenye kikaango.

Zamani samaki aliachwa kwenye ndimu kwa saa kadhaa. Siku hizi wapishi wengi wa Lima, mji mkuu wa Peru, humpa dakika chache tu, na mara nyingi husemwa kuwa ni athari ya Wajapani, walioanza kuhamia Peru mwaka 1899. Mimi niko upande wa wapishi hao: akikaa sana, nje hukauka na ladha yote inabaki ya ndimu. Yale maji yanayobaki, leche de tigre, usiyamwage. Wenyewe huyanywa kwa glasi.

Lakini ndimu haifanyi kazi yote ya moto. Minyoo wa anisakis, wanaojificha ndani ya mnofu, huweza kubaki hai humo kwenye ndimu. Wanaokufa ni wale waliogandishwa: nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7 kamili, na friza nyingi za nyumbani hazifiki huko. Bakteria nao hawafi wote. Kwa jodari na vibua kuna jambo jingine: wakikaa juani huzalisha histamini, kemikali inayoweza kumdhuru mlaji, ambayo haiondolewi na ndimu, friza wala moto.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu nyumbani, nunua samaki wa mnofu mweupe aliyewekwa kwenye barafu tangu alipovuliwa, kisha aliyegandishwa ipasavyo. Myeyushie ndani ya friji, kamua ndimu dakika 10 kabla ya kula, na kisichoisha usikiweke kiporo. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu wapikie wao samaki wa kawaida.